Boksi la mama lilipitilizwa Arusha

Saa tisa usiku, kwenye ghala la vifurushi ninapofanya kazi hapa Leipzig, dereva aliingiza lori kinyumenyume chini ya kontena lililosimama kwa miguu yake minne. Akajaza upepo kwenye springi, lori likalinyanyua, akakunja miguu, akaondoka. Chai yangu haijapoa. Kontena tulilipakia jioni bila yeye kuwepo, na lote lilikuwa la mji mmoja tu.

Nilifurahi, kisha nikakasirika. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeagiza mashine ya presha ya mama ipelekwe Moshi kwa basi kutoka Dar. Boksi limeandikwa MOSHI kwa makapeni, pande zote. Buti linafunguliwa stendi: magodoro, ndoo za rangi, mabegi ya abiria, boksi la mama chini kabisa. Honi nyuma, basi likaondoka nalo hadi Arusha. Konda akasema: "Litarudi na gari la kesho." Halikurudi. Mama akapanda Coaster mwenyewe, kilomita 80, kufuata mashine ya kupimia presha!

Najua mtasema nimekula viazi vya Wajerumani nimesahau kwetu. Sijasahau. Hapa ukikosekana nyumbani unabandikiwa kikaratasi mlangoni, basi. Konda wa kwetu atampigia mama, atamwamkia, atamwachia mzigo dukani kwa Mangi. Na basi linakimbia usiku kucha, sina ugomvi na mwendo wake. Ugomvi wangu ni kushika boksi moja moja kila stendi.

Mwaka 1956 Malcom McLean, Mmarekani aliyeanzia kwenye malori, alipakia makontena 58 kwenye meli Ideal X. Hakuongeza mwendo wa meli, alipunguza kushikashika. Wamama wa soko la Mbuyuni, Moshi, wanalijua hilo bila kuambiwa: nani ameshusha nyanya moja moja? Wanashusha tenga. Basi, wenye mabasi, tupeni matenga ya chuma yenye magurudumu: la Same, la Moshi, la Arusha. Ukifika, vuta lako, sukuma jingine.

"Buti halitatosha." Sawa, gari la mizigo peke yake, hasa Desemba, mnajua wenyewe. "Litarudi Dar tupu." Tupu kutoka Moshi? Na ndizi zile, na maparachichi yale? Hata hapa Ujerumani yapo malori yanayorudi matupu, na hawana mgomba hata mmoja.

Mama mwenyewe hayuko upande wangu. Anasema yule konda ni kijana mwenye adabu, amemwomba radhi mara mbili.