Hati safi, halmashauri chafu?

Kila mwaka ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ikishatua bungeni, swali la vijiweni ni lilelile: halmashauri imepataje hati safi, na kurasa chache mbele ripoti hiyohiyo inasema makusanyo ya mashine za POS, zile za kukusanyia ushuru, hayakufika benki? Anayeuliza hana kosa. Jibu analopewa mara nyingi, kwamba wakaguzi "wamelambishwa asali", ndilo lenye kosa.

Mwanafunzi wa uhasibu hulikuta jambo hili wiki za mwanzo za somo la ukaguzi, akalikariri kwa ajili ya mtihani bila kuliamini. Mkaguzi anayetoa hati inayoridhisha, ndiyo hiyo iitwayo "hati safi", anajibu swali moja tu: je, taarifa hizi za fedha, katika mambo yote yenye uzito, zinaonyesha hali halisi kwa mujibu wa viwango vilivyotumika kuziandaa? Uaminifu wa mkurugenzi haumo katika swali hilo.

Chukua mfano wa kubuni. Halmashauri imelipa milioni 60 kutengeneza greda, kazi ambayo fundi wa gereji angeifanya kwa milioni 25. Hizo milioni 60 zimetoka benki kweli, na mhasibu ameandika 60, si 25. Basi hesabu zimesema kweli, tena ndizo zinazokuonyesha fedha ilipopita. Mkaguzi akitoa hati yenye shaka kwa sababu ya greda, atakuwa amezituhumu hesabu kwa uongo ambao hazikuusema. Hoja ya greda inakaa kwenye sehemu ya manunuzi au kwenye ukaguzi maalumu, na huko ndiko wakaguzi huiandika, tena kwa kirefu. Tatizo letu ni kusoma orodha ya hati na kufunga kitabu.

Hadi hapo nawatetea bila kusita. Panaponisumbua ni kwenye kiwango cha uzito. Mkaguzi hawezi kupekua kila vocha. Huchukua sampuli na kuweka kiwango ambacho kosa likikivuka, msomaji wa hesabu anaweza kupotoshwa. Tuseme halmashauri inatumia bilioni 40 na kiwango kimewekwa asilimia 1, yaani milioni 400. Mtendaji wa kata akila milioni 30 za ushuru, hajafika hata robo. Wakiwa watendaji kumi na watatu, kila mmoja na milioni 30 zake, jumla ni milioni 390. Bado hati inaweza kuridhisha! Na hapa, tofauti na greda, kama ushuru huo haukuingizwa vitabuni, ni kasoro ya hesabu zenyewe. Mwambie mzazi ambaye mwanawe anakaa sakafuni darasani kwamba milioni 390 hazina uzito, uone atakavyokutazama.

Viwango vyenyewe havimruhusu mkaguzi kutazama namba peke yake. Udanganyifu, hata mdogo, unamlazimu ajiulize kama maelezo mengine ya menejimenti yanaaminika, na watendaji kumi na watatu wanaoiba kwa njia moja ni dalili ya mfumo uliooza. Ila jukumu la kwanza la kuuzuia wizi linabaki kwa afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mara nyingi anayepiga picha na hati mkononi.

Wanaolalamika wana historia upande wao. Mwaka 1896, katika kesi ya Kingston Cotton Mill, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliwaondolea lawama wakaguzi walioamini tu cheti cha meneja kuhusu thamani ya bidhaa ghalani, kumbe alikuwa ameikuza. Mkaguzi, alisema Jaji Lopes, ni mbwa mlinzi, si mbwa wa kunusa nyayo. Taaluma ilijikinga kwa kauli hiyo miaka mingi, mpaka mwaka 1938 kampuni ya dawa ya McKesson & Robbins huko Marekani ilipogundulika kuwa na bidhaa za dola milioni 10 hivi zilizokuwapo kwenye makaratasi tu. Baada ya hapo ikawa lazima mkaguzi aende ghalani ashuhudie bidhaa zikihesabiwa. Lawama za umma ndizo zilizomtoa ofisini.

Kwetu lawama hizo zingeanza na jina. Neno rasmi ni "hati inayoridhisha". "Safi" limekolezwa na wanasiasa. Afrika Kusini hesabu zinazoridhisha haziitwi safi kama kuna hoja za ukiukaji wa sheria au za taarifa za utendaji. Zinatajwa kuwa zinaridhisha lakini zina hoja, na hivyo makundi mawili hayachanganyiki.

Kwa sasa, diwani anayeletewa bango la "hati safi mara ya tano mfululizo" aombe barua ambayo wakaguzi waliiandikia menejimenti, ahesabu hoja za mwaka juzi ambazo bado hazijafungwa.