Uchoraji wa Kichina wa leo: je, brashi na wino ni sharti?

Mwaka 1992 Wu Guanzhong, mchoraji aliyesomea Hangzhou na baadaye Paris, aliandika makala fupi iliyowachoma wengi. Brashi na wino, alidai, thamani yake ni sifuri vikitenganishwa na picha vinayoitumikia. Miaka michache baadaye mchoraji mwenzake Zhang Ding akamjibu: brashi na wino ndio mpaka wa mwisho wa uchoraji wa Kichina, na hauna budi kulindwa. Wote wawili walifariki mwaka 2010, ila hakuna anayejadili picha za wino za leo akaukwepa ugomvi wao.

Ili kuuelewa, inabidi kwanza kujua kinachotokea mezani. Karatasi ya Xuan, inayotoka wilaya ya Jing mkoani Anhui, hutengenezwa kwa gome la mti uitwao qingtan likichanganywa na mabua ya mpunga. Karatasi mbichi hunywa maji papo hapo. Brashi ikisita, doa hutanuka; ikienda mbio, mstari hukauka na kuacha mapengo meupe. Kufuta hakuna, na kupaka juu ili kuficha kosa ndio kulitangaza. Kwa hiyo kila mstari unaonyesha kasi, uzito na pembe ya mkono uliouvuta. Ipo pia karatasi iliyopakwa gundi na shabu, ambayo hainywi maji. Hiyo ni ya picha za mistari myembamba na rangi za tabaka kwa tabaka. Tatizo lake huja baadaye: shabu ina asidi, na miaka ikipita karatasi hukakamaa na kukatika.

Wino nao ni masizi na gundi ya wanyama. Masizi ya msonobari hutoa weusi uliofifia, usiong'aa. Ya mafuta hutoa weusi wenye mng'ao. Kijiti cha wino husagwa kwenye jiwe kwa maji safi, na wengi humwaga kilichobaki, kwa sababu wino ukilala gundi yake huharibika, chembe hujitenga, na doa hukauka likiwa na ukingo na mashapo. Huang Binhong (1865–1955) aliutumia wino huo uliolala kwa makusudi, akapata milima mizito ya giza ambayo wino mpya hauwezi kuitoa.

Hapa ndipo hoja ya Zhang ina nguvu, kwa sababu inampa mtazamaji kipimo. Tangu karne ya 11 Guo Ruoxu, mwandishi wa historia ya uchoraji, alikwisha kutaja makosa matatu ya brashi. La kwanza ni ubapa: mkono dhaifu, brashi nzito, umbo lisilo na mviringo. La pili ni mstari unaoonekana kama umechongwa, wenye kona za ghafla, kwa kuwa nia na mkono havipatani. La tatu ni fundo: brashi inataka kwenda lakini haiendi. Chukua makosa hayo matatu uingie nayo kwenye maonyesho yoyote ya wino wa kisasa. Sogelea picha, tazama mstari unapoanzia, unapogeuka na unapoishia. Utashangaa ni karatasi ngapi za mita tatu zinazosimama kwa ukubwa wake na kwa bahati ya maji yaliyomwagika, basi.

Lakini Wu hakuwa akipigana na kivuli. Mivuto ya brashi ya kuonyesha miamba, kama ule unaofanana na nyuzi za katani au ule wa makovu ya shoka, ilizaliwa na watu waliotazama miamba. Kisha ikaingia kwenye vitabu vya mifano, wanafunzi wakanakili nakala za nakala, mwishowe jiwe lenyewe likasahaulika. Mwaka 1985 Li Xiaoshan, kijana wa Nanjing, alikuwa tayari ameandika kwamba uchoraji wa Kichina umefika mwisho wa njia. Alitia chumvi, ila alikuwa na sababu. Jibu bora la Wu halikuwa makala. Lilikuwa picha yake ya mwaka 1983 ya Bustani ya Simba, bustani ya kale mjini Suzhou, ambamo rundo la mawe limegeuka mistari na madoa yanayozunguka, na vibanda vidogo pembeni ndivyo vinavyokukumbusha mahali ulipo.

Tena, mpaka wa Zhang si wa kale kama unavyosikika. Guo Xi, mchoraji wa mandhari wa enzi ya Song (960–1279), alichora *Mwanzo wa Majira ya Kuchipua* mwaka 1072 juu ya hariri. Karatasi mbichi ilikuja kutawala baadaye sana, enzi za Ming na Qing (1368–1912). Na Zhang mwenyewe alijulikana kwa wino mkavu mzito, karibu bila maji, yaani aliacha sehemu kubwa ya kile alichokilinda. Sioni kama hilo linambomoa. Linaonyesha tu kwamba mpaka huo husogezwa na wanaoujua.

Mchoraji Liu Guosong, huko Taiwan, aliusogeza mbali zaidi. Alitumia karatasi iliyotengenezwa ikiwa na nyuzi nene juu yake. Akishapaka wino huzing'oa, na mishipa myeupe hubaki katikati ya weusi. Brashi imepoteza ubwana wake, lakini karatasi bado ndiyo inayoamua, na kwa macho yangu yeye yuko ndani kabisa ya mila.

Msanii wa China Xu Bing ni kesi ngumu zaidi. Katika mfululizo alioanzisha Berlin mwaka 2004, mandhari ya kale unayoiona kwenye kioo chenye ukungu ni vivuli vya matawi makavu, nyuzi na takataka zilizopangwa nyuma yake. Hakuna wino hata tone. Yang Yongliang wa Shanghai naye hujenga milima ya enzi ya Song kwa picha za kamera za maghorofa na winchi. Makosa ya Guo Ruoxu hayana cha kupima hapo. Kinachobaki ni mpangilio, na kwa huo Guo Xi aliacha mtihani wake, umbali wa aina tatu: wa kutazama kilele kutoka chini, wa kuchungulia nyuma ya mlima, na wa kutupa macho kutoka mlima wa karibu hadi wa mbali. Yang anaufaulu mtihani huo kuliko wengi wanaoshika brashi.