Kambale aliyeshusha abiria Kimara

Dada yangu kaolewa Moro, sasa mumewe kila akipiga simu ni bwawa la Mindu, bwawa la Mindu, eti nyie watu wa Dar mnakula samaki wa barafu mnajiona mmekula, njoo nikuonyeshe samaki. Na mimi mama mkwe ndo alikuwa kaja kututembelea Kimara, nikasema ngoja nimletee kitu cha heshima.

Mindu kama ushawahi kwenda Iringa unaijua, ukitoka tu Moro mjini unaiona pale, mto Ngerengere ndo unaijaza na mji unakunywa humohumo. Mchana kutwa tunapata viperege vya saizi ya kiganja, nikaanza kulalamika, shemeji akasema tulia wewe, kambale anapenda giza. Na kweli bwana, jua linazama, tumeweka utumbo wa kuku ulionuka mpaka macho yanawasha, mshipi ukavutwa nusura niingie majini na kandambili zangu. Tukamtoa. Lijitu limetuna, lichwa bapa, ndevu, halafu utelezi! Shemeji akanipigia kelele nisimshike mbavuni maana ana miiba kwenye mapezi.

Mimi nikataka tumpasue palepale, shemeji akagoma kabisa, samaki wa mkwe anafika mzima. Akalala kwenye ndoo, asubuhi tukamtia kwenye kiroba na majani mabichi, huyo kwenye basi. SGR niliiogopa, vile viti visafi vile na harufu niliyokuwa nayo mwenyewe. Njia nzima katulia, kufika stendi ya Mbezi nikajua marehemu.

Kumbe kambale bana ana kiungo kingine juu ya mashavu anavutia hewa ya kawaida kabisa, ndo maana bwawa likikauka anajiburuta kwenye matope kutafuta maji mengine, we mpe unyevunyevu tu atakaa masaa. Mimi biolojia niliishia kwenye panzi.

Basi daladala imejaa, kiroba kiko chini ya siti, nasinzia. Tunakaribia Kimara namsikia dada mmoja wa nyuma anasema taratibu tu, "Kaka, kuna kitu kinanilamba mguu." Akainama kuangalia. Weee! "NYOKAAA!" Hapo hata sijui nielezee vipi, mzee wa koti kapita dirishani na fimbo yake, dereva kafunga breki katikati ya foleni kashuka yeye wa kwanza, kaacha mlango wazi, injini inaunguruma, na mimi nasema ni samaki jamani ni samaki, nani anakusikiliza? Kuna jamaa akawa anapiga kelele huku anarekodi.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza mboga, hakunyanyuka hata kwenye siti. "We mwanangu, si kambale huyu? Lete hiyo kanga." Akamfunika, akamdaka nyuma ya kichwa, akamrudisha kwenye kiroba akakikalia. Halafu akaniuliza bei.

Watu wakarudi wamenuna, konda kanisimamia. "Braza, nauli ya huyu."
"Nauli ya nani tena?"
"Huyu katembea gari zima, kakanyaga siti za watu, huyu abiria."
Gari zima likashangilia, nikalipa. Yule mzee wa koti akadai na yeye arudishiwe nauli yake kwa sababu katoka dirishani, konda akamwambia dirishani ndo VIP.

Nafika nyumbani najipongeza, natua kiroba mbele ya mama mkwe, "Shikamoo mama, zawadi yako." Akachungulia. Akaangalia tena. Akamwita mke wangu pembeni.

Mama mkwe ni Msabato. Nguruwe najua hali, miaka yote naijua hiyo, lakini hakuna mtu aliyewahi kunikalisha chini akaniambia samaki asiye na magamba naye hayumo! Na kambale hata gamba la kubahatisha hana, nimemgeuza huku na huku natafuta.

Mama mkwe akala dagaa. Kambale akaenda kwa mwenye nyumba, wamemla yeye na wanawe na ugali mkubwa, mchuzi wake harufu inatufikia dirishani, na Jumatatu asubuhi kaja kugonga anadai kodi huku anachokonoa meno.