Hesabu za wakfu zisomwe kama michango ya harusi

Ukiwa England na unataka kujua msikiti wa mtaani kwako ulikusanya nini mwaka jana, humuulizi mtu. Unaingia mtandaoni kwenye rejista ya Charity Commission, mamlaka inayosimamia taasisi za hisani, unaandika jina, unaona wadhamini ni akina nani, kiasi gani kimeingia na kimetoka. Taarifa inadaiwa ndani ya miezi 10 tangu mwaka wa hesabu ufungwe. Wakichelewa, rejista inaonyesha wazi zimepita siku ngapi. Na mali iliyowekwa idumu ina safu yake, haichanganywi na sadaka ya Ijumaa.

Kwetu Zanzibar chombo cha kusimamia wakfu, yaani mali iliyofungwa ili mapato yake yatumike kwa heri, tunacho. Kamisheni ya wakfu ilianza 1905, na sheria ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ilitungwa 2007. Kinachotushinda ni muhali, ile haya ya kumkatalia au kumdai mtu unayemjua. Mpangaji wa duka la wakfu ni mtoto wa fulani, baba yake alisoma chuo kimoja na msimamizi. Leo utampandishiaje kodi? Basi hulipa kodi ya zama zile, huku naye kampangisha mtu mwingine kwa bei ya soko, na kilemba, fedha ya kuachiwa duka, juu. Nyumba inakosa fedha ya matengenezo. Paa linavuja, maji yanaingia kwenye vichwa vya boriti mle ukutani, boriti zinaoza, dari inashuka. Na ukiuliza nani kaiba, hayupo.

Wengi wetu tuishio huku England, tukirudi likizo, hudai hesabu "kama za Ulaya". Mimi sikubaliani. Hata huku karatasi zimenyooka, lakini waumini wanaozifungua ni wachache mno. Nyumbani tuna kikao ambacho fedha husomwa hadi shilingi ya mwisho: kamati ya harusi. Mhazini anafungua daftari, anasoma ahadi, anasoma kilichotolewa, anasoma deni, na hakuna anayeona katukanwa.

Wakfu usomwe vivyo hivyo, mara moja kwa mwaka baada ya sala ya Ijumaa. Karatasi moja yatosha, ila ianze na kilichostahili kuingia. Ikianza na kilichopokelewa, imeshaficha nusu ya habari. Tuseme wakfu una maduka 4, kila moja 200,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni 9,600,000. Zimepokelewa 7,400,000. Zilizobaki 2,200,000 ni deni. Sasa ongeza safu ambayo hakuna apendaye kuiona: duka la jirani lisilo la wakfu linapangishwa kwa 350,000. Tofauti ya mwaka kwa maduka yote ni 7,200,000. Hiyo ndiyo bei ya muhali, na ni zaidi ya mara tatu ya deni.

Ujira wa msimamizi nao uandikwe, usipenyezwe kwenye "matumizi mengineyo". Hadithi ya wakfu wa Sayyidna Umar kule Khaibar imemruhusu msimamizi ale kwa wema bila kujilimbikizia, kwa hiyo hana cha kuonea haya. Kisha matengenezo, kwa risiti. Halafu ndiyo mgao, kwa sharti la aliyewakifu.

Na majina ya wadaiwa? Yasisomwe. Mtu ana sitara yake. Isomwe "duka namba 3, miezi 11". Mtaa mzima unajua duka namba 3 ni la nani.