Kufuli Tatu na Mfuko wa Ugonjwa

Kikundi chetu cha akiba hapa Busia, Uganda, hukutana kila Jumamosi. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo unashikwa na mama mwingine. Ndani mna fedha za hisa, na kando yake kijifuko cha kitambaa cha ugonjwa na msiba. Mwezi uliopita mwenzetu aliyekuwa akinunua hisa ili apate mabati alikopa hadi mwisho wa kiwango chake, kwa kuwa mwanawe alihitaji upasuaji. Nyumba bado ni ya nyasi.

Wako wanaosema bima ya afya itawafanya watu waache kuweka akiba. Hoja hiyo si ya kubeza. Taiwan ilipoanzisha bima ya taifa mwaka 1995, watafiti waliona akiba za kaya zikishuka. Hofu ikipungua, kibubu nacho hupungua. Lakini fedha inayofichwa kungoja malaria si mtaji: hainunui mbuzi wala hailipi ada, maana lazima ikae karibu na mkono.

Ruzuku ya serikali kwa wazee, nayo ikitajwa katika hoja hiyo, naipita haraka. Ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na ilipoenezwa nchi nzima ililenga waliofikisha miaka 80. Sioni kijana atakayeacha kuweka akiba kwa kuitegemea hiyo.

Wasiwasi wangu uko kwenye rafu za dawa. Malipo katika vituo vya afya vya umma yalifutwa mwaka 2001, kwa hiyo kwa maandishi matibabu ni bure. Ukifika dirishani unaandikiwa dawa, kisha unaambiwa ukanunue nje. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya taifa mwaka 2021, rais hakuutia saini. Naitaka bima hiyo kwa moyo wote, lakini ikija juu ya rafu tupu, kaya italipa mchango na bado italipa duka la dawa. Hapo akiba itakwisha kweli, wala si kwa uvivu.

Kisiizi, kusini-magharibi, hospitali imeendesha bima ya jamii tangu 1996 kupitia vikundi vya engozi, vile vya kubebeana wagonjwa kwa machela na kuzikana. Kule mtu analipia hospitali anayoijua.

Jumamosi ijayo tunaamua kama mchango wa kijifuko upande kutoka shilingi 500 hadi 1,000. Nitakubali, ingawa najua hiyo 500 ya ziada kila mmoja wetu ataitoa kwenye hisa zake.