Usimalize Hela Kabla Hati Haijahama

Juzi shemeji yangu aliniita nikawe shahidi wake kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kule Goba, Dar es Salaam. Ananunua nyumba ya vyumba vitatu, yenye hati miliki. Dalali alikuwa ameshachapa mkataba stationery, ukurasa mmoja: majina, bei, mipaka ya pande nne (kaskazini Mama Juma, mashariki njia), na chini kabisa sentensi hii: "Muuzaji amepokea fedha zote na nyumba haina mgogoro wowote." Fedha zenyewe zilikuwa bado kwenye mkoba wa shemeji.

Nilimshika mkono asisaini. Dalali akaanza kwamba kuna mteja mwingine yuko njiani na hela taslimu. Aje. Shemeji amekusanya fedha ile kwa miaka, na hakuna kitu hata kimoja kwenye karatasi ile kilichoandikwa kwa ajili yake. Tunagonga kuta, tunakagua bati, tunauliza maji yanatoka siku gani, halafu karatasi inayobeba akiba ya maisha yetu tunaisoma tumesimama.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili la kulipa zote siku ya kusaini. Nyumba yenye hati haiwi yako kwa sababu mmesaini na kupeana mikono. Chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, umiliki unahama pale uhamisho unaposajiliwa kwa Msajili wa Hati, anayetunza daftari la wamiliki. Kabla ya kufika huko kuna fomu za kusaini mbele ya wakili, taarifa kwa Kamishna wa Ardhi, uthamini, kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya mauzo) kule TRA, mamlaka ya mapato, na ushuru wa stempu. Hayo huchukua wiki, mara nyingi miezi. Muda wote huo hati inasoma jina la muuzaji. Anaweza kufariki. Anaweza kuwa na deni ambalo mdai wake anaitafuta nyumba hiyo hiyo. Au anaacha tu kupokea simu, kwa sababu hela ameshapata, na ile kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni yake, anakuachia wewe. Utailipa, maana bila TRA kuridhia uhamisho hausogei, na mwenye shida ya hati sasa ni wewe.

Kwa hiyo malipo yafuate hatua, na mkataba uzitaje. Sehemu ya kwanza itoke siku ya kusaini, baada ya upekuzi rasmi kwenye daftari la Msajili kuonyesha jina la muuzaji na kwamba nyumba haiko rehani benki. Sehemu ya pili itoke hati halisi ikishakuwa mikononi mwa wakili, pamoja na fomu za uhamisho zilizosainiwa na picha za muuzaji. Ya mwisho, na isiwe ndogo, itoke jina lako likishaingia. Iandikwe pia kwamba muuzaji akishindwa kukamilisha uhamisho anarudisha fedha zote kufikia tarehe fulani. Siku mliyosaini, peleka zuio (caveat) kwa Msajili ili muuzaji asiiuze kwa mwingine ukiwa unasubiri.

Halafu mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Jirani yetu mmoja alinunua nyumba Mbagala kwa baba aliyesema mkewe waliachana zamani. Mke akaja na watoto na magodoro, akakaa barazani. Kesi ikaenda Baraza la Ardhi na Nyumba, na jirani akawa anapanga chumba huku akidai nyumba aliyoilipia. Ridhaa ya maandishi yenye picha ya mwenza ingetosha kumwepusha na yote hayo. Na ikiwa ni nyumba ya urithi, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake hautoshi.

Nakubali, mwenyekiti wa mtaa ana kazi yake. Anajua nani alijenga pale na nani anagombana na nani, na kwa nyumba ambazo hazijapimwa huyo ndiye wa kuanza naye. Ila muhuri wake haufungui daftari la Msajili. Nakubali pia kwamba wakili ni gharama. Lakini awe wakili wako, siyo yule aliyeletwa na dalali.

Mwisho, wapangaji. Wengi wanakuwa wameshalipa kodi ya miezi 6 mbele kwa mwenye nyumba wa zamani, na hawana kosa lolote. Mkataba useme kodi hiyo itarudishwa na nani, madeni ya maji na ya pango la ardhi atayalipa nani, na nyumba itakabidhiwa tupu tarehe ngapi. Tarehe hiyo ipite kabla ya malipo ya mwisho, siyo baada yake.