Wajat na Waskithi: damu huenda ipo, lakini ukoo mzima?

Wajat ni jamii kubwa ya wakulima wa Punjab, Haryana, Rajasthan na magharibi ya Uttar Pradesh, na wengine wengi wako Pakistan. Wamo Wahindu, Masingasinga na Waislamu. Baadhi yao hushikilia kwamba mababu zao walikuwa Waskithi, wafugaji wapanda farasi wa nyika za Asia ya Kati, ambao Waajemi wa kale waliwaita Wasaka. Dai hili si la kuchekwa, ila linabebeshwa mzigo mkubwa kuliko ushahidi wake.

Wasaka walifika India, hilo halina ubishi. Katika karne ya 2 KK walisukumwa kutoka Asia ya Kati na Wayuezhi, wafugaji wengine wa nyika, wakapitia Sistan, kwenye mpaka wa Iran na Afghanistan ya leo, hadi bonde la Indus. Mfalme wao Maues alitawala Taxila, mji wa kale ulio Pakistan ya leo. Tawi la magharibi lilishika Gujarat na Malwa mpaka Chandragupta wa Pili wa dola ya Gupta alipolimaliza, karibu na mwaka 400 BK. Hata kalenda ya taifa iliyopitishwa na India mwaka 1957 huhesabu miaka ya Saka, kuanzia 78 BK. Wanaotetea nadharia hii wana swali zuri: watu waliotawala karne zote hizo walikwenda wapi? Hawakufungasha virago wakarudi nyikani. Walioa, wakazaa, wakalima.

Lakini swali hilohilo linawageukia. Mtawala wao Rudradaman alipochonga maandishi yake kwenye mwamba wa Junagadh huko Gujarat, yapata mwaka 150 BK, aliandika kwa Kisanskriti fasaha, na jina lake mwenyewe ni la Kihindi. Ikiwa wafalme walikwisha kuwa Wahindi kiasi hicho, askari na wachungaji wao je? Watu waliochanganyika hivyo huacha wajukuu katika jamii nyingi. Kuwakabidhi wote kwa jamii moja ni kupora urithi wa majirani.

Na nani aliwakabidhi? Hasa Waingereza. James Tod, ofisa wa Kampuni ya Mashariki ya India, aliwaunganisha Wajat na Wagetae wa waandishi wa kale, aliowahesabu kuwa Waskithi, kwa kufanana kwa majina, katika kitabu chake kuhusu Rajasthan kilichoanza kutoka 1829. Baadaye mwanaakiolojia Alexander Cunningham naye akatafuta majina mengine ya Kiskithi ya kuwafunga nayo. Baada ya maasi ya 1857 dhidi ya Waingereza, jeshi la kikoloni lilipozigawa jamii kuwa za kivita na zisizo za kivita, babu Mskithi alifaa sana. Mwanahistoria Kalika Ranjan Qanungo aliikataa nadharia hiyo mwaka 1925, akawaita Wajat Waarya, yaani wazao wa watu wa kale wa India waliotunga Veda. Nayo haikuwa hoja isiyo na upande: zama zile kuwa Mwarya kulikuwa na heshima yake.

Ushahidi wa maandishi unaelekeza kwingine kabisa. Waarabu walipoiteka Sindh, kusini mwa Pakistan ya leo, mwanzoni mwa karne ya 8 waliwakuta Wajat huko, wakawaita Zutt, wengi wao wafugaji. Mwanahistoria Irfan Habib anaeleza kwamba wafugaji hao walipanda kaskazini polepole hadi Punjab, wakageuka wakulima katika karne zilizofuata. Kati ya Wasaka wa mwisho na Zutt hao pana pengo la karne tatu hivi, na sijaona aliyelijaza kwa kitu kizito kuliko mfanano wa majina.

Siku hizi mjadala umehamia kwenye vinasaba. Ni kweli kwamba Wajat na majirani zao Waror wamo miongoni mwa Wahindi wenye sehemu kubwa zaidi ya asili ya nyika, na wapenzi wa Waskithi hulishangilia hilo. Tatizo ni tarehe. Utafiti mkubwa wa DNA ya kale uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Science unaonyesha kuwa asili hiyo iliingia Asia ya Kusini hasa kati ya 2000 na 1500 KK, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Maues. Tena Waskithi wa Asia ya Kati walikuwa na mchanganyiko wa wazi wa Asia ya Mashariki, ambao kwa Wahindi wengi ni haba. Hilo halimfuti kila babu Msaka, lakini linamwondoa kwenye nafasi ya mwanzilishi. Anayetaka kumrudisha hapo aanze na mifupa ya zama za Wasaka kutoka Taxila na Mathura, mji wa kaskazini mwa India, iliyopimwa na kulinganishwa na Wajat wa leo.